Siku Tuliyoifukuza Jakamoyo

Sisi tuliozaliwa Ugogo Mjerumani akiwa bado bwana wa nchi tumebaki wachache, na katika hao wachache wengi hawasikii tena vizuri. Ukitaka kuwasimulia jambo inabidi upaze sauti mpaka majirani wafikiri mnagombana. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, misheni, nikiwa na mtoto mgongoni, kwa hiyo mwandiko wangu msiucheke.

Kilichonisukuma ni neno moja. Ninakaa hapa Mkonze na mjukuu wangu, binti wa marehemu mwanangu, na kwa mtoto huyu kila kitu ni presha. Basi la kwenda mjini likichelewa, ana presha. Mtihani ukikaribia, ana presha. Mchumba asipotokea Jumapili, hapo ndipo presha inapanda kabisa, na mimi natakiwa nisiongee. Namtazama tu. Amekula sahani nzima ya wali, usiku amelala akikoroma, asubuhi amejitazama kwenye kioo nusu saa. Enzi zetu kulikuwa na neno la mtu aliyezidiwa na mawazo, na kwetu lilikuwa neno geni, lakini aliyekuwa na hali hiyo hakupata nafasi ya kujitazama kwenye kioo. Neno lenyewe ni jakamoyo. Vijana wa leo ukiwatajia wanadhani ni jina la mdudu.

Tulikaa upande wa Hombolo, miaka mingi kabla hawajajenga bwawa. Maji ya Hombolo yetu yalikuwa chini ya mchanga. Mto ulikauka sehemu kubwa ya mwaka, na ukitaka maji unapiga magoti mtoni, unachimba kwa kipande cha kibuyu mpaka unyevu uonekane, halafu unasubiri. Maji yanajikusanya polepole, unayachota kidogo kidogo, na mwenzako nyuma anakuhimiza. Sisi wasichana tulijifunza subira pale, na umbea pia, maana wanawake wakisubiri pamoja kwenye shimo la maji hakuna siri ya nyumba inayobaki nyumbani.

Nyumba zetu zilikuwa tembe, kuta za miti na udongo, na juu paa bapa la udongo ambalo mtu angeweza kutembea juu yake. Juu ya paa tulianika mtama, tukafukuza kuku, tukatengeneza ng'ombe wa udongo wenye pembe ndefu kupita kiasi, na kila mtoto alikuwa tajiri. Mama alikuwa akipiga kelele toka ndani, "Shukeni huko, mtaniangushia nyumba kichwani!" Hatukushuka. Jioni tulishushwa na njaa yenyewe, kwenye ugali wa uwele na mlenda, na maziwa mgando ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Nikiyafikiria maziwa yale mate yananijaa mpaka leo. Mjukuu wangu nilimtengenezea siku moja, akaonja, akasema yameungua.

Tulikuwa pia na mchezo wa Mjerumani. Mmoja wetu anajipaka majivu uso mzima, anashika kijiti, wengine tunabeba mizigo ya majani makavu kichwani na kupita mbele yake kwa foleni. Anayeangusha mzigo anachapwa. Tulicheka sana. Bibi yangu, mama yake Baba, hakucheka hata siku moja. Akituona alisema, "Acheni mchezo huo, mtawaita," nasi tukadhani anatutisha tu, kwa vile wazee walikuwa na marufuku nyingi zisizo na maelezo.

Kiswahili changu nilikipata kwa Bi Tatu. Huyu alikuwa mwanamke wa pwani. Mumewe alikuwa mpagazi katika msafara uliokuwa ukienda bara, akashikwa na ndui karibu na kwetu. Msafara ukaendelea na safari, kama ilivyokuwa desturi yao, Bi Tatu akabaki na mgonjwa. Alipomzika hakuwa na wa kurudi naye kwao. Bibi akamwonyesha upande mmoja wa tembe letu, akamwambia akae mpaka msafara wa kurudi pwani upite. Misafara ikapita mingi. Bi Tatu alikuwa akitoka nje kuitazama, kisha anarudi ndani, na mwishowe hakuna aliyemuuliza tena.

Alikuwa na mambo yake. Alinawa mikono mara nyingi mno kwa nchi ambayo maji yanachimbwa kwa kibuyu, jambo lililomuudhi Bibi. Mlenda aliukataa mwanzoni, akasema unateleza kama kitu kinachotoroka, ila baada ya mwaka mmoja alikuwa akiupigania. Kigogo alikiongea kwa madaha ya pwani, na watoto tulimuiga tukiwa peke yetu. Lakini aliponisuka nywele alinisemesha Kiswahili tu, akanivuta sikio nikikosea, na mimi nilimpenda. Mama naye alimpenda. Walikaa pamoja wakisaga, wakiitana shoga, na mtu akipita nje alisikia vicheko kuliko mawe ya kusagia.

Kisha Baba akachukuliwa. Reli ilikuwa imeshafika Dodoma na sasa inaelekea magharibi, na Mjerumani alitaka watu wa kuchimba tuta. Jumbe wetu alifika asubuhi na askari wawili wenye tarbushi. Baba alikuwa anatoka zizini. Hawakumfunga, walimwambia tu achukue nguo yake ya kujifunika. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na mbegu ziko ardhini. Akamwambia Mama, "Mtama ukitoa maua nitakuwa nimerudi."  Jina la Mama lilikuwa Mwendwa, nalitaja kwa sababu hakuna aliyebaki wa kulitaja isipokuwa mimi.

Mtama ukatoa maua. Ukakomaa, tukavuna, tukapura, tukaweka ghalani. Wanaume wengine waliochukuliwa siku ile walianza kurudi, mmoja mmoja, wamekonda na wanakohoa vumbi. Mama aliwauliza. Mmoja alisema aliachana na Baba kwenye kambi fulani, mwingine alisema hapana, alipelekwa mbele zaidi, wa tatu alisema hajui, akatazama pembeni, na kutazama huko pembeni ndiko Mama alikorudi nako nyumbani. Jumbe alipoulizwa alisema wako kazini. Kazini wapi, hakusema.

Hapo ndipo Mama alipoanza kutuponyoka akiwa bado yuko nasi. Alipika, lakini alisahau kutia unga mpaka maji yakauka chunguni. Alikwenda mtoni akarudi na mtungi mtupu. Mbwa akibweka alishtuka mwili mzima. Alipanda kwenye paa la tembe, yeye aliyekuwa akitukataza, akasimama akitazama upande wa magharibi mpaka jua linamchoma macho. Nilimwita nikamwita tena ndipo anageuka, na akigeuka ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi mtoto huyu. Nilikuwa na ndugu, nilikuwa na Bibi, nyumba ilijaa watu, na sijawahi kuwa mpweke vile.

Siku moja Bi Tatu alimkuta amekaa mbele ya chungu kinachochemka, mkono kifuani. Akapiga magoti, akauondoa ule mkono, akaweka sikio lake pale.

"Shoga yangu," akasema, "moyo huu unakimbilia wapi?"

"Hata mimi haunisubiri," Mama akajibu.

Bi Tatu akatoka nje, akamfuata Bibi kwenye jiwe la kusagia. Mimi nilikuwa pale nikipepeta.

"Mama, mkweo ana jakamoyo."

"Ana nini?"

"Jakamoyo. Sisi pwani tunaita hivyo. Mawazo yamemzidi mtu mpaka moyo hautulii. Halali, chakula hakimpiti, akisikia hatua za mtu anaruka."

"Inaua?"

"Inachosha kuliko kuua."

Bibi akasaga kidogo, kisha akasimama. "Na huko kwenu ipo?"

"Ipo sana. Mwanamke mwenye mume safarini anaijua."

"Basi imekuja na misafara," Bibi akasema, na kwake yeye shauri likawa limekwisha.

Msimcheke Bibi. Mwanamke yule alikuwa ameona mambo. Alikuwepo funza walipoingia nchini mara ya kwanza, ndani ya miguu ya wapagazi, watu wasijue ni mdudu gani, wakaoza vidole. Alikuwepo sotoka ilipopita na kuacha mizoga ya ng'ombe imelala nchi nzima mpaka tai wakashindwa. Vyote vilikuja kwa njia, vikitokea kwa watu wengine, vikiwa na majina ya kigeni. Sasa kimekuja hiki nacho, kina jina la kigeni, na kimeingia nyumbani kwake.

Neno likatembea. Bi Tatu alilisema mara moja tu, lakini kesho yake lilikuwa mtoni, na baada ya siku chache kila mwanamke alikuwa nalo. Aliyepotelewa na mbuzi ana jakamoyo. Ambaye pombe yake haikuchachuka ana jakamoyo. Kikongwe mmoja jirani yetu, aliyekuwa anaumwa jino, akasema naye imemshika tayari, tena upande wa kushoto. Hapo naona hatukuwa tofauti sana na mjukuu wangu na presha yake, na hili sijamwambia.

Bi Tatu alikasirika. Aliponisuka jioni moja alinivuta nywele mpaka nikalia, kisha akanifundisha, nami nimelishika fundisho hilo kuliko mengi ya misheni. Aliyefiwa, alisema, ana huzuni, na huzuni inapokuwa kubwa na ya ghafla mpaka inamwangusha mtu, hicho ni kihoro. Mwenye haraka isiyo na sababu ana kiherehere. Anayeogopa kitu anachokiona ana hofu. Lakini jakamoyo ni ya mtu asiyejua kama alie au asilie. "Usiseme una jakamoyo kwa ajili ya mbuzi," akaniambia. "Mbuzi utampata au utamkosa kabla jua halijazama."

Ila hata ukitoa wenye mbuzi na wenye meno, walibaki wengi. Katika kila nyumba ambayo mwanamume wake alikuwa hajarudi kutoka kwenye tuta, alikuwepo mwanamke wa aina ya Mama, ambaye zamani alijificha na sasa amepata jina la kusema. Bibi akawahesabu moyoni mwake, akaona ugonjwa umeenea. Akaenda kwa mganga, akarudi na ruhusa.

Wenzangu wa Ugogo mnajua, lakini nawaelezea wengine. Kwetu baya linapoingia katika nchi, kama maradhi ya ng'ombe, kazi ya kulitoa ni ya wanawake. Siku hiyo mambo yanageuzwa. Wanawake wanavaa nguo za waume zao, wanashika mikuki na fimbo, wanachunga ng'ombe. Wanaume wanakaa ndani kimya. Kisha wanawake wanapiga ngoma na kuimba, wanalisukuma lile baya mpaka mpakani upande wa machweo, wanalitupa huko, wanarudi.

Bi Tatu alijaribu kumzuia. "Mama, hii haifukuzwi kama ndege shambani. Mrudishe mumewe, itaondoka yenyewe."

Bibi akamwambia, "Mume wake yuko kwa Mjerumani. Mjerumani siwezi kumfukuza. Hii naiweza."

 Siku ilipofika hata Bi Tatu alivaa kanzu ya marehemu mumewe akafuatana nasi.

Niseme kweli, ilikuwa siku ya furaha. Wanawake wanene walijifunga ngozi za waume zao wembamba. Kikongwe wa jino alishika mkuki mrefu kuliko nyumba yake. Wazee walichungulia kwenye nyufa za tembe, na kila wakichungulia wanachapiwa ukuta kwa fimbo. Mgeni mmoja aliyekuwa akipita njia bila habari alikimbizwa mpaka akaacha kiatu. Mama alivaa nguo nyingine ya Baba ya kujifunika, akafunga njuga zake za ngoma mguuni, akavaa viatu vya ngozi vya Baba, akachukua na mkuki wake. Asubuhi ile alikula. Alikula ugali mwingi na maziwa, akanitengea na mimi, akanifuta mdomo kwa kidole chake kama nilipokuwa mdogo zaidi. Alinitazama akaniona. Nikajua dawa ya Bibi imeshaanza kufanya kazi.

Tukaenda magharibi kwa ngoma za muheme, vumbi limesimama juu yetu. Mpaka wetu ulikuwa korongo kavu lenye mawe. Kila mwanamke alibeba kibuyu cha majivu ya jikoni kwake, na sisi wasichana tulibeba vibuyu vidogo. Mganga alikuwa ametoa sharti moja. Ukishatupa kibuyu korongoni, geuka, urudi ukiimba, na usitazame nyuma mpaka umeingia ndani ya ua wa nyumbani. Ukitazama nyuma, lile baya linaiona sura yako na kukufuata. Walio na hali nyepesi walitupa kwanza, na aliyeshikwa kuliko wote, yaani Mama, akawekwa wa mwisho. Mimi nilitupa kabla yake tu.

Nikageuka. Nikasikia kibuyu chake kikipasuka kwenye mawe. Nikasikia njuga zake, na nikafurahi, nikaimba kwa nguvu ili anisikie. Baada ya mwendo kidogo sauti ya njuga ilikuwa chini kuliko nilivyotarajia. Nikajiambia ni ngoma zinazifunika. Baada ya mwendo mwingine sikuzisikia kabisa. Shingo iliniuma kwa kutaka kugeuka. Mbele yangu Bibi alikuwa akiimba kuliko wote, ameshika mgongo wake wima, na kila mwanamke niliyemwona alitazama mbele, nami nikatazama mbele. Mtoto wa siku zile akiambiwa asitazame, hatazami.

Tulipoingia uani tukageuka wote kwa pamoja, tukicheka, tukivua nguo za kiume. Bibi akatupitishia macho.

"Mwendwa yuko wapi?"

"Alikuwa nyuma ya mtoto wake," mmoja akasema.

Wakanitazama mimi. Nikatazama lango, na langoni palikuwa na vumbi tu linalotua.

Wanaume walitoka ndani, tukarudi mbio mpaka korongoni. Alama zilikuwa wazi mchangani: viatu vya Baba vimeshuka, vimepanda upande wa pili, na pembeni yake kitako cha mkuki kimechoma ardhi kama fimbo ya msafiri. Hazikuyumba. Ziliongoza moja kwa moja mpaka kwenye njia kuu ya misafara, na huko nyayo za watu wengi zilikuwa zimekanyagana, hata mchungaji hodari asingeweza kutenganisha mguu na mguu. Walitafuta siku zote walizoweza. Hawakupata kitu.

Bibi alisema lile baya lilimvuta. Bi Tatu hakukubali. Alisema Mama hakuvutwa na yeyote, amekwenda kumtafuta mumewe, na siku pekee ambayo mwanamke angeweza kutoka nyumbani amevaa kiume, ana mkuki, na hakuna wa kumtazama, ilikuwa siku ile. Mwanamke peke yake kwenye njia ile asingefika mbali, lakini kijana mwenye mkuki angeweza kufika. Mimi nilimwamini Bi Tatu, kwa sababu nilikumbuka jinsi Mama alivyokula. Ule ulikuwa ulaji wa mtu anayeanza safari.

Msimu uliofuata mtama ulipoanza kujaa, nilikuwa juu ya kichanja shambani nikifukuza ndege kwa kombeo. Mtu akatokea upande wa kusini, upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama. Alikuwa Baba. Aliletwa na gari moshi kutoka huko mbele mpaka Dodoma, akashuka, akatembea mpaka nyumbani. Alikuwa amekaa ndani ya kile chombo, akipita juu ya nchi ile ile Mama aliyoivuka kwa miguu. Kwapani alikuwa na kaniki mpya iliyokunjwa.

Aliniita nishuke. Akanishika kichwa, akaniambia nimekua. Kisha akauliza, "Mama yako yuko wapi?"

Nikamwambia, "Amekufuata."

Hakukaa nyumbani hata wiki. Akarudi magharibi mwenyewe safari hii, bila jumbe wala askari, akaulizia kambi kwa kambi. Mpishi mmoja tu alimwambia aliwahi kumpa chakula kijana wa Kigogo mwenye mkuki, kijana asiyeongea, aliyekuwa akitazama sura za wachimbaji mmoja mmoja. Zaidi ya hapo hapakuwa na habari. Kisha vita vya Wazungu vikaja, wanaume wakachukuliwa tena, ng'ombe wakachukuliwa, njaa ikafuata, na nchi ikiwa hivyo nani atauliza habari za mwanamke mmoja.

Wazee walimshauri Baba aweke matanga, watu walie, mambo yaishe. Alikataa. Alisema hawezi kumzika mtu kwa kukisia. Kaniki ile ilikaa imekunjwa mpaka mchwa wakaila. Bibi naye hakulitamka tena lile neno, wala hakuruhusu litamkwe. Lakini tangu siku ile hakuweza kutembea bila kugeuka. Akienda mtoni anageuka, anatembea kidogo anageuka tena, hata akitoka jikoni kwenda ghalani. Watoto wa majirani walimcheka. Alikufa wakati wa njaa, na Bi Tatu ndiye aliyemuosha.

Leo mambo ni mepesi, na sisemi kwa ubaya. Mtu anapanda gari moshi jioni, kesho yuko Tabora, wiki ijayo amerudi na asali. Mtoto akipotea sokoni anatangazwa kwa kipaza sauti. Wanasema hata makao makuu ya serikali yanahamia hapa kwetu Dodoma, basi kila mtu atajulikana yuko wapi. Hakuna tena mtu anayepanda ukingo wa korongo na kuishia hapo. Nikiwatania vijana kwa presha yao ya basi, ni kwa sababu basi hatimaye linakuja.

Mwanangu kabla hajafariki aliniachia redio. Mjukuu anaitaka kwa ajili ya muziki, tunagombana, maana mimi ninaitaka kwa ajili ya matangazo ya vifo.

"Bibi, hao wote unawafahamu?" ananiuliza.

"Simfahamu hata mmoja."

"Sasa unasikiliza nini?"

Naongeza sauti ya redio. Najua kuhesabu. Mama yangu kama aliishi angekuwa mkongwe kupita wakongwe, na inawezekana hakumaliza hata mwezi ule. Nayajua hayo yote, na bado ninakaa na redio mapajani nikisubiri mtangazaji ataje bibi kizee wa Tabora au Kigoma, au mahali popote reli ilikopita, ambaye asili yake ilikuwa Ugogo.

Jana walimtaja Mwendwa. Nilisimama, na moyo ulinienda mbio hivi kwamba sikusikia maneno yaliyofuata, nikaja kuyashika ya baadaye. Alikuwa mwanamke kijana tu wa Manyoni. Mumewe anasikitika kutangaza kifo chake, ameacha mtoto mmoja wa kike, mazishi ni kesho, habari ziwafikie ndugu na jamaa wote popote walipo. Nikakaa. Mjukuu akaniletea maji bila kuombwa. Nilimfikiria yule mtoto wa Manyoni, kwamba leo atalia, kesho ataonyeshwa kaburi, na habari zimemfikia. Nikamwonea wivu, Mungu anisamehe.